Mto chini ya goti: jibu kwa mwalimu aliyepandikizwa ligamenti

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 26, nacheza netiboli timu ya halmashauri yetu. Wiki saba zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa goti la kulia Dar es Salaam, wakanitengenezea ACL mpya, ile ligamenti ya katikati ya goti, kwa kano ya nyuma ya paja. Nyuzi zimetoka, kidonda kimefunga, maumivu yamepungua sana. Magongo nimeyaacha wiki iliyopita, ingawa bado nachechemea kidogo. Usiku naweka mto chini ya goti ndipo napata usingizi. Shida yangu ni kukunja: siwezi kuchuchumaa chooni wala kusujudu. Fiziotherapia naenda mara moja kila wiki mbili kwa sababu ya nauli. Mama mkwe ananikanda kwa maji ya moto na chumvi kila jioni. Kocha anasema wachezaji wa Ulaya wanarudi baada ya miezi sita, na SHIMISEMITA, michezo ya watumishi wa serikali za mitaa, itanikuta kwenye mwezi huo wa sita. Nifanye nini nipone haraka? Na mbona pembeni ya muundi kuna ganzi?

JIBU: Mwalimu, pole na goti, na hongera kwa kuacha magongo, ingawa gongo moja nitakurudishia kabla hatujaachana.

Umeuliza sana kuhusu kukunja. Karibu kila mgonjwa wangu huuliza hivyo, kwa sababu kukunja ndiko kunakoonekana: choo, mkeka wa sala, daladala. Mimi nimeshikwa na sentensi yako nyingine, ile ya mto.

Goti lenye maji ndani hujisikia vizuri likiwa limekunjwa kidogo, kwani hapo ndipo nafasi ya ndani huwa kubwa na mbano hupungua. Kwa hiyo ukiweka mto unalala. Lakini saa saba za kila usiku, kwa wiki saba, umekuwa ukilifundisha goti kukaa limejikunja, na kovu linalokua ndani yake linajipima kwa urefu huohuo. Asubuhi unaamka, digrii chache za mwisho za kunyooka hazipo. Unasimama ubaoni na goti lililopinda kidogo, msuli wa mbele wa paja unafanya kazi kutwa nzima bila kupumzika, jioni goti limevimba, usiku unarudi kwenye mto. Huko kuchechemea unakokuita kidogo, nadhani kunatokea hapo.

Kukunja hurudi polepole, wiki hadi wiki, hata mwezi wa tano na wa sita bado kunaongezeka. Kunyooka hakuna subira hiyo. Likipita kipindi cha miezi mitatu hivi bila goti kunyooka sawa na lenzake, kazi inakuwa ngumu, na wengine hulazimika kurudi chumba cha upasuaji. Kuna kinundu cha kovu ambacho huota mbele ya ligamenti mpya na kulizuia goti kufunga kama jiwe linavyozuia mlango. Madaktari wamekipa jina la lile jitu la hadithi za Kigiriki lenye jicho moja, kwa jinsi kinavyowatazama kwenye kamera. Dalili yake ni goti kugota, au kulia "tok", ukifika mwisho wa kunyoosha. Ukiisikia, mwambie daktari wako, usisubiri tarehe ya kliniki.

Sasa pima. Lala kifudifudi kitandani, mapaja yakiwa kitandani na magoti yamepita ukingo kidogo, miguu ining'inie. Mtu akae nyuma yako na rula ya darasani, apime kisigino cha kulia kiko juu ya cha kushoto kwa sentimita ngapi. Kila sentimita 1 ni takriban digrii 1 iliyopungua. Sifuri au 1, usihangaike. Ikiwa 3, 4, 5, basi hiyo ndiyo kazi yako ya mwezi huu, na mengine yote yanasubiri nyuma yake.

Kazi yenyewe haina gharama. Mto uondoke leo usiku. Siku mbili tatu za kwanza utalala vibaya. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 kabla ya kulala, inasaidia. Mchana, kaa mkekani, kisigino ukiweke juu ya kanga iliyoviringishwa kiasi cha unene wa kopo la maziwa, chini ya goti pabaki wazi kabisa. Acha uzito wa mguu ulivute goti chini, dakika 10, mara nne kwa siku. Ukiona ni rahisi, laza mfuko wa unga wa kilo 1 juu kidogo ya pia ya goti. Utasikia mvuto kwenye uvungu wa goti; mvuto ni sawa, maumivu makali ya kuchoma ndani si sawa. Unaweza kusahihisha madaftari ukiwa hapo. Pozi lile la kitandani, la kifudifudi na miguu kuning'inia, nalo ni zoezi: dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni.

Ukimaliza kunyoosha, palepale amsha msuli wa paja, maana goti lililonyooshwa bila msuli wa kulishika linarudi lilikotoka. Kaa mguu umenyooka, kanga nyembamba chini ya uvungu, ibane kanga kwa goti kana kwamba unataka kuipasua, hesabu kumi, legeza. Mara kumi. Tazama pia ya goti: ikipanda kuelekea kwenye paja, msuli umeitika. Isipopanda, msuli haujaamka, na wala si uvivu wako. Uvimbe ndani ya goti hutuma ujumbe kwenye uti wa mgongo unaouzima msuli ule, kama fundi anavyokata umeme nyumba ikiwa na maji. Ndiyo maana paja lako limekonda upande mmoja ingawa unatembea kila siku. Ukienda fiziotherapia, uliza kama wana mashine ya kusisimua msuli kwa umeme. Kwa msuli uliozimika hivi ina faida kweli.

Uvimbe ndio saa yako ya kila kitu kuanzia sasa. Jifunze kuupima: kaa mguu umenyooka, kwa kiganja sukuma upande wa ndani wa goti kwenda juu mara mbili tatu, kisha shuka na kiganja upande wa nje, ukitazama upande wa ndani. Kikitokea kibonge kidogo kama wimbi, kuna maji. Pima asubuhi. Kama jana uliongeza mazoezi na leo wimbi limekua, jana ulizidisha: punguza, usiache. Kama halijabadilika, una ruhusa ya kuongeza. Kwa mtu anayeonana na mtaalamu mara moja kwa wiki mbili, kipimo hiki ni bora kuliko karatasi ya mazoezi.

Na hapo gongo linarudi. Mtu anayechechemea bila gongo anafanya mazoezi ya kuchechemea hatua elfu kadhaa kwa siku, na tabia hiyo ikishika huwa ngumu kuing'oa. Shika gongo moja, mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima. Liache siku utakayotembea kutoka ofisini hadi darasani na mwalimu mwenzako, akitazama kwa nyuma, asijue ni mguu gani uliopasuliwa. Darasani omba kiti kirefu. Wakati wa mapumziko nyanyua mguu juu ya dawati dakika 10, bila aibu. Watoto watauliza, nawe una somo la sayansi bila maandalizi.

Kuhusu mama mkwe. Sitaki ugomvi ndani ya nyumba, na najua kukanda kwa maji ya moto ni upendo. Kwetu mzazi, majeruhi na mgonjwa wa mgongo wote hukandwa. Lakini joto huleta damu zaidi kwenye goti ambalo tayari lina maji, na mkono unaokanda kwa nguvu na kuvuta hauijui ligamenti iliyoko ndani. Chumvi haiingii kwenye goti kwa vyovyote. Mpe kazi nyingine, ambayo kwa kweli inahitajika: kidonda kimefunga, basi apake mafuta kidogo kwenye kovu na kulisugua taratibu ili ngozi isigandamane na nyama ya chini. Halafu, mguu ukiwa umenyooka na umelegezwa, ashike pia ya goti kwa vidole na kuisogeza kidogo juu, chini, kulia, kushoto, dakika 3. Pia iliyoganda hulizuia goti kunyooka na kukunja. Mwambie daktari ndiye aliyeagiza. Mama wakwe wengi hupokea hivyo.

Kuna jambo moja la kutisha kidogo ambalo ni lazima uambiwe sasa hivi, maana wiki zako ni hizi. Ligamenti uliyowekewa ilikuwa kano. Ilipokatwa kutoka kwenye paja ilipoteza damu yake, na mwili haujui tu kuipokea ikatulia: sehemu ya chembe zake hufa, mishipa mipya ya damu hupenya, kisha inajengwa upya kuwa ligamenti. Katikati ya ujenzi huo, takriban wiki ya 6 hadi ya 12, ndipo inapokuwa dhaifu kuliko siku uliyotoka chumba cha upasuaji. Na ndipo maumivu yanapoisha na mtu anapojiona mzima. Hebu yaweke mambo hayo mawili pamoja. Wengi walioikata tena mapema hawakuikata uwanjani. Waliteleza bafuni, waliruka mtaro, walishuka bodaboda kwa kujipinda. Kama ni lazima usafiri, bajaji ni afadhali, mguu umenyooshwa. Ndoo ya kichwani aibebe mwingine.

Choo: mwite seremala, au mnunue kiti cha plastiki mkitoboe katikati na kukiweka juu ya tundu. Watu wengi wamevuka kipindi hiki hivyo. Kuchuchumaa hadi chini kunahitaji goti kukunja karibu lote likiwa limebeba uzito, na hilo si la wiki ya saba. Hapa rudia kusoma karatasi uliyopewa ulipotoka hospitali: kama meniskasi, ile gegedu ya ndani ya goti, nayo ilishonwa, kuchuchumaa kwa kina husubiri miezi minne au zaidi, na mwenye ruhusa ni daktari aliyeishona. Sala, kaa kwenye kiti, inama kwa ishara. Dini imempa mgonjwa nafasi hiyo na wewe ni mgonjwa. Kwa kukunja kwenyewe, lala chali, zungusha kanga kwenye unyayo, vuta kisigino kije kwenye makalio polepole, shikilia sekunde chache, rudisha. Mara 15, mara tatu kwa siku. Wiki ya saba ningependa kuona digrii 110 hadi 120. Usimruhusu mtu akulalie mguuni kwa nguvu ili ukunjike.

Nguvu sasa. Kosa ninaloliona zaidi kwa wagonjwa wa mikoani si kuzidisha, ni kubaki mahali pamoja. Nimepokea kijana mwezi wa tano, mwaminifu kabisa, hakukosa siku hata moja, na zoezi lake lilikuwa lilelile la kunyanyua mguu hewani alilofundishwa wodini. Paja lake lilikuwa kama la mtoto. Msuli haukui kwa uaminifu, unakua kwa uzito unaoongezeka. Anza na kusimama na kuketi kwenye kiti, uzito ukiugawa sawa kwa miguu yote. Simama mbele ya kioo, utajikuta unaegemea mguu mzima bila kujua. Halafu kupanda tofali moja kwa mguu wa kulia, ukishuka kwa kuhesabu tatu. Baadaye matofali mawili. Kisha begi mgongoni lenye kidumu cha maji cha lita 5, ambacho ni kilo 5 bila mizani. Mizunguko mitatu ya mara 8 hadi 12, na mbili za mwisho ziwe ngumu kweli, vinginevyo ongeza. Siku tatu kwa wiki, si kila siku. Misuli ya nyuma ya paja, kwa kuwa kano ilitolewa huko, ianze taratibu: kunyanyua makalio ukiwa umelala chali, miguu yote miwili, kwanza. Ukisikia kama kitu kimechanika nyuma ya paja ukiinama kwa ghafla, hutokea, pumzika na umwambie mtaalamu.

Kufikia mwezi wa tatu utahitaji vyuma. Gym yoyote ya mtaani yenye mashine ya kunyoosha goti ukiwa umekaa na ya kusukuma kwa miguu inatosha. Ada ya mwezi huko itakufaa kuliko nauli ya safari ya ziada ya hospitali. Mtaalamu wako mwombe mpango, si kusimamiwa kila zoezi. Kula mayai, maharage, dagaa. Na usijigeuze mteja wa diklofenaki za duka la dawa kwa majuma. Tumbo na figo ndivyo vinavyolipa.

Sasa kocha. Ni kweli wako waliorudi mapema. Lakini Virgil van Dijk, beki wa Liverpool, aliumia ligamenti hiyohiyo Oktoba 2020, akarudi kwenye mechi za ligi Agosti 2021, miezi kumi, akiwa na jopo zima la kumhudumia. Sam Kerr, mshambuliaji wa timu ya wanawake ya Australia, aliumia Januari 2024 na hakucheza tena hadi Septemba 2025. Hao wana mabafu ya barafu, wapishi na madaktari wa kila siku, na bado. Utafiti wa Oslo (Norwe) na Delaware (Marekani) uliochapishwa 2016 uliwafuatilia watu 106 kwa miaka miwili: kila mwezi mmoja waliochelewa kurudi mchezoni, hadi kufika mwezi wa tisa, ulipunguza kuumia tena kwa takriban asilimia 51. Na miongoni mwa waliorudi bila kufaulu vipimo vya nguvu na kuruka, asilimia 38 waliumia tena. Kwa waliofaulu ni chini ya asilimia 6. Tarehe peke yake haitoshi, na vipimo peke yake havitoshi.

Netiboli hasa ndiyo inayonitia wasiwasi. Soka mtu anaweza kujificha pembeni. Ninyi mnadaka mpira hewani na sheria inawalazimisha kusimama karibu papo hapo mnapotua. Goti linaingia ndani, kiwiliwili kinageuka na mpira, ligamenti inakatika bila mtu kukugusa. Nina hakika ndivyo ulivyoumia. Kwa hiyo SHIMISEMITA hii utaishangilia. Mwambie kocha akupe faili la wachezaji na filimbi.

Ratiba yako, goti likikubali: kukimbia mstari ulionyooka kuanzia mwezi wa tatu unusu au wa nne, kama halina maji na limenyooka, kuruka na kutua kwa miguu miwili, kisha mmoja, kuanzia mwezi wa tano, kukata kona na kudaka mpira baada ya hapo, mazoezi na timu bila kugongana mwezi wa saba au wa nane, mechi, baada ya mwezi wa tisa. Kabla ya mechi, chora mstari kwa chaki, ruka kwa mguu mmoja mbele uwezavyo na utue bila kuyumba, pima kwa tepu. Mguu wa kulia ufikishe asilimia 90 ya wa kushoto au zaidi. Kipimo hiki kina ujanja wake: nyonga na kifundo hulisaidia goti kudanganya, na mguu wa kushoto nao umelegea kwa kukaa. Kwa hiyo nguvu ya paja ipimwe pia kwenye mashine, mguu mmoja mmoja. Na jiulize kama unaogopa. Mapitio makubwa ya 2014 yalikuta asilimia 81 ya waliofanyiwa upasuaji huu walirudi kwenye mchezo wa namna fulani, lakini 55 tu ndio waliorudi kwenye mashindano, na woga ulikuwa miongoni mwa sababu. Woga si udhaifu wa kufichwa, ni kitu cha kumwambia mtaalamu wako kama unavyomwambia uvimbe.

Yafuatayo hayangoji kliniki: shavu la mguu kuvimba na kuuma, zaidi upande mmoja, kifua kubana au pumzi kukatika ghafla, homa na goti kuwa jekundu au kidonda kutoa usaha, au mlio wa "pap" na goti kufura ndani ya saa chache. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Ganzi uliyoitaja ni ya kawaida. Kano ilipotolewa, tawi dogo la neva ya ngozi linalopita hapohapo huguswa au kukatika. Halina kazi ya kukunja wala kunyoosha, ni hisia tu. Eneo lake litapungua polepole ndani ya mwaka mmoja, na huenda kikabaki kipande kidogo cha ukubwa wa kiganja ambacho utakikumbuka tu unapojipaka mafuta. Usiweke hapo chupa ya maji ya moto. Utaungua bila kusikia.